Fundi Mwaminifu Haokotwi Njiani

Kila siku ya kazi, jua likiwa bado halijapanda sana, magari huanza kuwasili Gerezani na Shauri Moyo, wilayani Ilala. Mengine huja yakikohoa, mengine huja yakivutwa kwa kamba. Boneti hufunguliwa, kijana mwenye ovaroli iliyokolea oili huinama, akagusa hapa na kugonga pale, kisha akainuka na kutoa hukumu: "Bosi, giaboksi imekufa." Mwenye gari naye huinama, akatazama, asione kitu cha kumsaidia. Hana hoja ya kubishia, wala hana sababu ya kukubali kwa moyo mmoja. Analojua ni kwamba ametakiwa kutoa fedha ambazo pengine zilikuwa karo ya watoto, au akiba ya miezi sita, na kwamba uamuzi wote umo kinywani mwa mtu aliyekutana naye robo saa iliyopita.

Huenda fundi yule amesema kweli. Huenda pia giaboksi ile haikufa, bali imepungukiwa na mafuta yake tu, au waya mmoja umelegea. Tofauti ya majibu hayo mawili ni tofauti ya shilingi elfu kadhaa na shilingi laki kadhaa. Na anayeijua ni mtu mmoja tu, yule yule atakayelipwa kwa kazi atakayosema kwamba ipo. Huo ndio mzizi wa malalamiko yote yanayosikika mjini kuhusu mafundi wa magari. Mwenye kujua ndiye mwenye kuuza, na mwenye kununua hajui.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni la wenye magari, na kwamba mwananchi wa kawaida anayepanda daladala kutoka Buguruni kwenda Kariakoo halimhusu. Hiyo si kweli hata kidogo. Anayepanda daladala amekabidhi maisha yake kwa fundi ambaye hamjui na hatamwona kamwe. Mafuta ya breki, kwa mfano, hufyonza unyevu kutoka hewani. Kadiri yanavyokaa bila kubadilishwa ndivyo yanavyochemka kwa joto dogo zaidi, na yakichemka breki hukosa nguvu wakati ule ule zinapohitajika sana, yaani gari likiwa limejaa watu na mteremko ni mrefu. Fundi anayepokea malipo ya kubadilisha mafuta hayo, kisha akaongeza kidogo tu juu ya yale ya zamani, hakumdhulumu mwenye gari peke yake. Amewadhulumu abiria, wapita njia, na mtoto anayevuka barabara kwenda shule. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamwajibisha mtu anayeendesha gari bovu na yule anayeruhusu liendeshwe. Lakini kabla ya dereva kushika usukani, ilitangulia mikono ya fundi.

Yafaa ikumbukwe jinsi kazi hii ilivyokua hapa Dar es Salaam. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 taifa lilipita katika kipindi kigumu. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973 na kupanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Na vita vya kumng'oa nduli Idi Amin, vilivyopiganwa kuanzia mwaka 1978 hadi 1979, viligharimu fedha nyingi za kigeni. Vipuri vya magari viliadimika. Mabasi mengi ya UDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1974 kusafirisha abiria wa jiji hili, yalisimama kwa kukosa vipuri, na wananchi walisubiri vituoni kwa saa nyingi. Katika dhiki hiyo fundi wa chini ya mti alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Alichonga kilichokosekana, aliunga kilichokatika, alichomelea kilichopasuka, na kipuri cha gari la aina moja alikikata kikatoshea gari la aina nyingine. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mafundi wa Ilala waliuonyesha ukweli wa msemo huo kwa vitendo, na bila wao magari mengi ya taifa hili yangeozea uani.

Baadaye hali ilibadilika. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi kubeba abiria mjini, yakaitwa daladala. Mwaka 1984 watu wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuingiza bidhaa kutoka nje. Katika miaka iliyofuata magari yaliyotumika kutoka Japani, pamoja na vipuri vyake, yaliingia kwa wingi, hata leo mtu akitembea kati ya Msimbazi na Shauri Moyo atakuta maduka yaliyosheheni injini nzima, taa, milango, rejeta na shokapu, vipya na vilivyotumika. Zamani kilichoadimika kilikuwa kipuri. Leo kipuri kipo tele. Kilichoadimika ni neno la kuaminika.

Hila zinazotumika zinajulikana na mafundi wenyewe, na si vizuri zifichwe. Ya kwanza ni kile kinachoitwa mitaani "cha juu": fundi humpeleka mteja kwenye duka alilokwisha kupatana nalo, bei ya kipuri ikapandishwa, na ile ziada wakagawana mwenye duka na fundi. Ya pili ni kubadilisha kisichohitaji kubadilishwa, kwa kuwa kila kitu kinachobadilishwa kina faida yake. Ya tatu ni kufunga kipuri kilichotumika na kudai bei ya kipya, au kufunga cha bandia kilichotiwa ndani ya boksi lenye jina kubwa. Ya nne, ambayo ni wizi wa mchana kweupe, ni kung'oa kipuri kizima katika gari lililolala gereji, kikafungwa kichakavu badala yake, na mwenye gari asijue mpaka betri au altaneta imkatalie njiani baada ya wiki mbili. Hali kadhalika wapo wanaolichukua gari la mteja "kulijaribu", jaribio hilo likaanza saa moja jioni na kumalizika saa sita usiku, na petroli ikarudi nusu.

Ipo pia hila isiyokusudiwa, nayo ina madhara sawa na ile iliyokusudiwa. Hiyo ni ujinga unaojifanya ujuzi. Magari mengi yanayoingia siku hizi yana giaboksi zisizo na gia za kawaida, ambazo huhitaji mafuta yake maalumu. Ukizitia mafuta ya giaboksi otomatiki ya kawaida, unaziua. Fundi asiyelijua hilo anaweza kuwa mtu mwema, mcha Mungu, asiyeibia mtu senti moja, na bado akamwachia mteja hasara kubwa kuliko mwizi. Kwa hiyo uaminifu katika kazi hii una sehemu mbili, moyo safi na kichwa kinachojua. Moja bila ya nyingine haitoshi.

Katika vijiwe vya kahawa mazungumzo kuhusu jambo hili huishia kwenye kauli moja: "Mafundi wote wezi." Kauli hiyo ni rahisi kutamka, lakini ni ya uongo, na zaidi ya hayo inaleta madhara. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili kwa uchunguzi wa mambo ya namna hiyo. Hoja yake ni nyepesi kueleweka. Muuzaji anajua kama gari lake ni zima au ni bovu, mnunuzi hajui. Kwa sababu hajui, mnunuzi hutoa bei ya mashaka. Mwenye gari zima huona bei hiyo haimfai, akaliondoa gari lake sokoni. Mwenye gari bovu huipokea kwa furaha. Mwisho wake soko hubakiwa na mabovu.

Kinachotokea katika soko la ufundi hakina tofauti. Mteja anayeamini kwamba kila fundi ni mwizi hukata bei kabla hata ya kusikiliza. Fundi mwaminifu, ambaye hana "cha juu" wala kipuri cha wizi cha kufidia, hubaki na bei ile ile iliyokatwa, akashindwa kununua vifaa na kulipa pango. Fundi mdanganyifu yeye huikubali bei ndogo bila kusita, kwani anajua mahali pa kuirudisha. Basi shuku inayomlenga kila fundi haimpunguzi mwizi, inampunguza mwaminifu. Mji ukisema kwa miaka mingi kwamba mafundi wote ni wezi, mji huo unawafukuza kidogo kidogo wale wasioiba.

Inafaa hapa wateja nao waambiwe ukweli wao. Wapo wengi ambao hulipa bei ya kipuri bila kunung'unika, kwa sababu kipuri kinaonekana na kushikika, lakini ikifika hela ya ufundi huanza kupiga mahesabu: "Umefungua nati nne tu, unataka hela yote hiyo?" Mteja wa namna hiyo hajui kwamba hakulipia nati nne. Amelipia miaka kumi ya kujua ni nati zipi nne za kufungua. Anapokataa kulipa ujuzi waziwazi, anamfundisha fundi kuuficha ujira wake ndani ya bei ya kipuri, na hivyo "cha juu" huzaliwa. Wapo pia wanaonunua kipuri cha bei ya chini kabisa dhidi ya ushauri wa fundi, kikivunjika wakarudi kumtukana. Wapo wanaoacha gari gereji mwezi mzima bila kulipa, na wengine huja na askari rafiki ili kulitoa gari bila malipo. Watu hawa hawana haki ya kudai uaminifu ambao wao wenyewe hawautoi.

Basi fundi mwaminifu anatambulikanaje? Hatambulikani kwa kuapa, wala kwa kibao kikubwa kilichoandikwa kwa rangi nyekundu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Muungwana ni vitendo, na vitendo vyenyewe vinahesabika.

Kwanza, anakiri mipaka ya ujuzi wake. Kazi ya magari imegawanyika: yuko fundi wa injini, fundi umeme, fundi wa giaboksi, fundi wa kunyoosha bodi, fundi wa rangi. Fundi wa injini anayesema, "Mzee, hili ni la umeme, mpelekee fulani," amepoteza kazi ya siku moja na kupata mteja wa miaka.

Pili, hupima kabla ya kubadilisha. Siku hizi zipo mashine za kusomea hitilafu za gari, na baadhi ya mafundi huzitumia kama mganga anavyotumia ramli. Mashine ikitaja sensa fulani, haikusema kwamba sensa ile imekufa. Imesema kwamba habari zinazotoka huko haziko sawa, na sababu yaweza kuwa waya uliokatika au bomba linalovuja hewa. Fundi wa kweli huufuata waya huo mpaka mwisho wake kabla ya kumtuma mtu dukani.

Tatu, hupatana bei kabla ya kufungua, na huitenga bei ya kipuri na ya ufundi, kila moja peke yake. Akikuta jambo jipya ndani, husimama, akampigia mwenye gari simu kumweleza, na hangoji jioni kumshtukiza na hesabu nyingine.

Nne, humrudishia mwenye gari kipuri kilichotolewa. Pedi za breki zilizokwisha, plagi zilizoungua, chujio lililoziba, vyote huwekwa ndani ya boksi la kile kipya na kukabidhiwa mwenyewe. Desturi hii haigharimu hata senti moja, lakini inaziba mianya miwili kwa pamoja: kudai umebadilisha kisichobadilishwa, na kung'oa kilicho kizima.

Tano, na hili ndilo gumu kuliko yote, husema "hii bado." Mteja amekuja na hofu yake na fedha zake mkononi, yuko tayari kubadilishiwa chochote. Fundi anapomwambia, "Mama, hizi pedi zitakufikisha miezi mitatu, lakini huu mpira wa usukani usilale nao," ameikataa fedha halali machoni pa watu ambayo si halali machoni pake. Neno "bado" ndilo mizani ya uaminifu wa fundi. Asiyewahi kulitamka kwa mwaka mzima, yafaa ajichunguze.

Kwa upande wake, mwenye gari naye asingoje mpaka gari limzimikie kwenye makutano ya Barabara ya Uhuru na Msimbazi ndipo aanze kumtafuta fundi. Mtu aliyeshikwa na dharura hana nafasi ya kuchagua. Fundi hutafutwa gari likiwa zima, kwa kazi ndogo, kama kubadilisha oili na chujio, na katika kazi hiyo ndogo tabia yake huonekana. Waulizwe madereva wa teksi na wenye daladala, kwani hao mkate wao unategemea gari kuwa barabarani na hawawezi kumvumilia mdanganyifu kwa muda mrefu. Itazamwe gereji yenyewe: kama spana zimepangwa, kama nati zilizofunguliwa zimewekwa kwenye kopo au zimetapakaa mchangani, kama wateja wa mwaka jana bado wanakuja. Na akipatikana, atunzwe. Alipwe kwa wakati, aitwe kwa heshima, asikimbiwe kwa sababu ya tofauti ya shilingi elfu tano kwa jirani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwenye gari anayemwona fundi wake mara kwa mara kwa mambo madogo hamwoni mara nyingi kwa mambo makubwa.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuliacha jambo hili lote kwenye dhamiri ya mtu mmoja mmoja. Wema wa mtu unahitaji mahali pa kusimama, na katika Ilala tatizo la kwanza ni la mahali kwa maana yake halisi, yaani ardhi. Mafundi wengi wamejishikiza kandokando ya barabara, kwenye viwanja vya watu, chini ya miti na pembezoni mwa kuta. Watu huziita sehemu hizo "gereji bubu." Fundi aliyeko hapo leo hajui kama atakuwapo mwezi ujao, kwani anaweza kuondolewa na mwenye kiwanja, au na mradi wa barabara, au na mgambo. Fundi aliye katika hali hiyo hana sababu kubwa ya kulinda jina lake. Mteja aliyemdanganya mwezi huu hatamkuta mwezi ujao, na mteja aliyemtendea wema naye hatamkuta. Uaminifu ni mti unaozaa baada ya miaka; haupandwi kwenye kiwanja cha kuazima.

Nchi nyingine zimeliona hilo. Huko Kenya, Serikali ilianza katika miaka ya 1980 kuwajengea mabanda mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, watu ambao hata jina lao lilitokana na kufanya kazi bila paa. Huko Ghana, katika mji wa Kumasi, mafundi wa magari walikusanyika katika eneo la Suame mpaka likawa mji wa karakana, na mwaka 1980 chuo kikuu cha mji huo kilifungua hapo hapo kituo cha kuwaonyesha mafundi mashine na mbinu mpya. Mambo hayo hayakuwageuza mafundi wote kuwa malaika. Lakini yaliwapa anwani, na mtu mwenye anwani anaweza kufuatwa, akalaumiwa, akasifiwa.

Tangu mwaka 2021 eneo la Ilala liko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Halmashauri hiyo inalo jukumu la kupanga maeneo ya karakana kwa makusudi, yenye maji, umeme, choo na mahali pa kumwaga oili chafu, badala ya kuwakumbuka mafundi siku ya kuwaondoa tu. Eneo hilo lisiwe mbali mno na maduka ya vipuri, kwani fundi na duka ni kama uzi na sindano. Ukiwapeleka mafundi mahali pasipofikika watarudi barabarani usiku ule ule. Nao mafundi wajipange katika vikundi au vyama vya ushirika, wawe na daftari la wanachama, na kiongozi anayeweza kusikiliza shauri la mteja aliyedhulumiwa na kulimaliza kabla halijafika polisi. Kikundi kinacholinda jina lake kitamkanya mwanachama mwizi kwa ukali kuliko mteja yeyote, kwa sababu aibu ya mmoja ni hasara ya wote.

Jambo la pili ni ujuzi na cheti chake. Mafundi wengi wa Gerezani walijifunza kwa kushika taa: mtoto alikuja akiwa na miaka kumi na minne, akashika taa, akaosha vipuri kwa petroli, akatumwa spana namba kumi na nne, na baada ya miaka akawa fundi. Elimu hiyo si ya kudharauliwa, na wapo waliohitimu vyuoni ambao hawaifikii. VETA, Mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ili fundi wa namna hiyo apimwe, afundishwe anachopungukiwa, na apewe cheti. Fundi asione haya kwenda kupimwa. Cheti hakimfanyi mtu awe mwaminifu, lakini humpunguzia mteja mashaka ya upande mmoja, akabaki na upande wa pili tu wa kuuchunguza.

Na katika kushika taa huko kuna jambo ambalo yafaa wazee wa gereji walifikirie usiku. Kijana hashiki taa ya injini peke yake. Anatazama pia jinsi bwana wake anavyozungumza na mteja, anavyokonyezana na mwenye duka, anavyocheka mteja akishaondoka. Akiona bwana wake akitia mfukoni "cha juu," amejifunza somo ambalo VETA haitaweza kulifuta. Akimwona akisema "hii bado" na kumwacha mteja aende na fedha zake, amejifunza somo jingine. Samaki mkunje angali mbichi. Mafundi wa Ilala wa miaka ishirini ijayo wako gereji sasa hivi, wanashika taa.

Jambo la tatu ni vipuri vyenyewe. Fundi aliye mwaminifu kabisa anaweza kuuziwa pedi za breki za bandia, akazifunga kwa nia njema, na gari likashindwa kusimama. Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, inayo mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia, na Shirika la Viwango, ambalo sheria yake ya kwanza ilitungwa mwaka 1975, linayo kazi ya kusimamia ubora. Vyombo hivyo visiishie kukagua makontena bandarini. Vitembelee pia maduka ya Kariakoo, na viwasikilize mafundi, ambao ndio wa kwanza kuona kipuri kilichopasuka kabla ya wakati wake. Mwenye duka naye atoe risiti kwa kila anachouza, na fundi asimruhusu mteja kuondoka bila karatasi hiyo. Risiti ndiyo inayomtenga fundi na kosa la muuzaji.

Kwa muda mrefu magari ya Serikali yamekuwa na mahali pake pa kutengenezwa, na tangu mwaka 2005 kazi hiyo imekuwa mikononi mwa wakala wa Serikali, TEMESA. Mwananchi aliyenunua gari lake kwa mkopo, mama anayesambaza mikate kwa kigari cha mitumba, na kijana wa bajaji anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, hawana wakala. Wana fundi wa mtaani. Yeye ndiye karakana yao, mshauri wao na, mara nyingi, bima yao pekee. Kazi yake si ya kubezwa, wala haifai kuachwa iendeshwe kwa bahati na kubahatisha.

Kwa hiyo wito unawahusu wote wanaohusika. Halmashauri iwape mafundi mahali pa kudumu. Vyombo vya ubora visafishe soko la vipuri. Mafundi wajipime, wajipange, wapatane bei waziwazi na warudishe kipuri cha zamani bila kuombwa. Wenye magari walipe ujuzi kama wanavyolipa chuma, na waache kauli ya kwamba wote ni wezi, kwani kauli hiyo ndiyo malisho ya wezi wenyewe. Fundi mwaminifu haokotwi njiani kama sarafu iliyodondoka. Hulelewa na bwana wake, hupewa mahali na mji wake, na hutunzwa na mteja wake. Mojawapo ya hayo matatu likikosekana, kesho asubuhi boneti itafunguliwa tena pale Shauri Moyo, hukumu itatolewa, na mwenye gari atatazama ndani bila ya kujua aamini nini.